Maswali ya Wasomaji: Mzee Anapoanza Kututia Haya

Safari hii nimeziweka pamoja barua zinazohusu jambo moja, yaani wazazi, wakwe na mababu ambao wameanza kuwa na tabia zinazowatia haya watu wa nyumbani mwao. Nimezifupisha, na nimeondoa chochote ambacho kingeweza kumtambulisha mwandishi au mzee wake.

Swali

Baba yangu ana miaka 76. Maisha yake yote alikuwa mtu wa maneno machache na heshima nyingi, lakini kwa muda wa miaka miwili hivi amebadilika. Mgeni akiingia tu, humwambia mbele ya wote kwamba amenenepa. Humwuliza mke wa mtu kwa nini bado hajapata mtoto. Hivi karibuni alimwuliza baba mkwe wangu mshahara wake, kisha akacheka na kusema kuwa ni mdogo. Ndugu zangu wanasema tumwache, huo ni uzee. Mke wangu hataki tena kuwakaribisha wazazi wake kwetu. Nifanye nini bila kumvunjia baba heshima?

*Mtoto wa Kwanza*

Jibu

Ndugu yangu, jambo zito zaidi katika barua yako ni lile uliloligusia kwa kupita tu, kwamba baba alikuwa mtu wa maneno machache maisha yake yote. Mzee aliyekuwa na ulimi mkali tangu ujanani, na ambaye bado anao, hana jipya. Huyo watu wake wamekwisha kumzoea na wanajua namna ya kuishi naye. Tabia inayozuka uzeeni kwa mtu ambaye siku zote alikuwa kinyume chake ni habari nyingine kabisa. Ina chanzo, na chanzo hicho hutafutwa kabla ya lawama.

Chanzo cha kawaida ni kupungua kwa uwezo wa kujizuia. Kila mtu hujiwa na maneno asiyopaswa kuyatamka, na kazi ya kuyazuia yasifike mdomoni hufanywa zaidi na sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso. Mwaka 1988 wanasaikolojia Lynn Hasher na Rose Zacks walitoa nadharia kwamba uwezo huo wa kuzuia mawazo yasiyohitajika hudhoofika kadiri umri unavyosonga. Mwaka 2005 William von Hippel na Sally Dunlop walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wazee walikuwa na mwelekeo mkubwa kuliko vijana wa kumwuliza mtu mambo yake ya faragha mbele za watu, ingawa wazee hao hao walikubali, sawa na vijana, kwamba mambo ya namna hiyo huulizwa faraghani. Hapo ndipo ninapotaka utulie kidogo. Inawezekana kabisa kwamba baba yako hajasahau adabu aliyokufundisha, ila breki zake hazishiki kama zamani.

Ikiwa ndivyo, kumfundisha adabu upya hakutasaidia sana, kwa kuwa unamfundisha anachokijua. Kitakachosaidia ni kupunguza nafasi za kuteleza. Uchovu, kelele, wageni wengi kwa pamoja na mazungumzo yanayokwenda mbio vyote humlemea mzee. Watafiti Cynthia May na Lynn Hasher walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba wazee wengi huwa makini zaidi asubuhi kuliko jioni, tofauti na vijana wengi. Kwa hiyo wazazi wa mkeo waalikeni asubuhi, wakiwa peke yao, na ziara isiwe ndefu. Mpe baba jambo la kuzungumzia ambalo analimudu, kwa mfano umwombe mapema amsimulie baba mkwe wako kuhusu kazi aliyoifanya miaka mingi, ili asikae akitafuta neno la kujaza ukimya.

Likimtoka neno la aibu, msimkemee mbele ya mgeni, na msicheke. Kicheko, hasa cha wajukuu, humfanya mzee aamini kuwa amesema jambo la kufurahisha, naye atalirudia. Mwite kwa utulivu, umwulize jambo lingine linalomhusu yeye mwenyewe, kisha mgeni umwombe radhi baadaye mkiwa wawili. Kwa wakwe zako nenda wewe mwenyewe, usimtume mkeo, uwaambie wazi kwamba siku hizi baba hutamka mambo ambayo zamani asingeyatamka, kwamba mmeona badiliko hilo na mnalishughulikia, na kwamba mnawaomba wasiliweke moyoni. Watu wazima wakielezwa ukweli mapema huwa na subira ambayo hawawezi kuwa nayo wakishtukizwa.

Kuzungumza naye kupo pia, ila si kwa kikao cha familia. Sijui nani aliyewafundisha watoto kuitana wote pamoja na kumketisha mzazi katikati kama mshtakiwa, kwa maana mzee aliyekabiliwa hivyo hulazimika kujitetea, na akishajitetea hawezi tena kukubali. Aende mtu mmoja, asubuhi, mkiwa faraghani, na kwa mfano mmoja tu wa karibuni. Huenda mtu huyo asiwe wewe. Mdogo wake au rafiki wa rika lake anaweza kumwambia kwa mzaha jambo ambalo mtoto hawezi kulisema hata kwa adabu zote.

Ndugu zako nimewaacha hadi mwisho. Kauli ya kwamba "huo ni uzee" imewachelewesha wazee wengi kufika hospitali. Yapo magonjwa yanayoanza kwa badiliko la tabia kabla ya usahaulifu. Mmojawapo ni ule wa kudhoofika kwa sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, ambao daktari Arnold Pick wa Praha alianza kuueleza mwaka 1892. Mara nyingi huwapata watu kati ya miaka 45 na 65, lakini unaweza kuanza baadaye pia. Mgonjwa hupoteza haya na huruma, hufanya matumizi ya ovyo, hupenda vitu vitamu kupita kiasi, hurudiarudia kitendo kilekile na kuacha kujali usafi wake, na wakati huohuo anaweza kukumbuka vizuri alichofanya jana, ndiyo maana nyumbani hakuna anayefikiria ugonjwa. Kiharusi kidogo kisichoonekana, sonona, pombe na hitilafu za tezi ya shingo navyo vinaweza kubadili tabia. Mpelekeni baba kwa daktari mkiwa na maelezo ya matukio matatu au manne pamoja na tarehe zake, na dawa zote anazotumia, zikiwemo zile alizojinunulia mwenyewe. Maelezo hayo mkabidhini daktari kwa maandishi, msiyasome kwa sauti mbele ya baba.

Kwa wasomaji wengine niongeze kwamba badiliko la miaka miwili linaweza kusubiri miadi, lakini badiliko la siku mbili haliwezi. Mzee aliyekuwa timamu juzi na leo anatukana, haelewi alipo au anaona watu wasiokuwepo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya vinaweza kumchanganya hivyo, na vyote vina matibabu.

Swali

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, husimulia visa vilevile kila wiki, kwa maneno yaleyale, na hukasirika tukimwambia kwamba ameshatusimulia. Watoto wameanza kumalizia sentensi zake kwa dhihaka. Mume wangu hunyamaza. Mimi ndiye ninayebaki kusikiliza.

*Mkamwana Aliyechoka*

Jibu

Dada, zipo kumbukumbu mbili ambazo sisi huzichukua kuwa moja: kukumbuka kisa, na kukumbuka uliyemsimulia. Ya pili ndiyo hupungua upesi. Nigel Gopie, Fergus Craik na Lynn Hasher walichapisha mwaka 2010 utafiti uliolinganisha vijana na wazee, ukaonyesha kuwa wazee hukosea zaidi katika kukumbuka nani wamemwambia nini, na tena hukosea wakiwa na uhakika. Ndiyo sababu anakasirika. Mnapomwambia kwamba ameshawasimulia, yeye kwa dhati ya moyo wake anaona mnamzuia kusema.

Kusimulia yaliyopita kwenyewe si dalili ya akili kuharibika. Daktari wa akili Robert Butler aliandika mwaka 1963 kwamba kuyapitia maisha ya nyuma ni kazi ya kawaida ya uzee, wakati ambapo wengi walikuwa wakiichukulia kuwa udhaifu. Kwa hiyo sikushauri ukizime kisa, nakushauri ukifungue. Mwulize jambo ambalo hulisikii ndani yake: aliyekuwa amesimama karibu naye ni nani, alivaa nini siku hiyo, mama yake alisemaje aliporudi nyumbani. Mara nyingi simulizi iliyokuwa ikizunguka hupata njia ya kutokea, nawe unapata kitu kipya cha kusikiliza. Mkubwa kati ya watoto mpeni kazi ya kumrekodi bibi yake kwa simu. Dhihaka huisha mtu akikabidhiwa wajibu. Na ukiwa umechoka kweli, una haki ya kusema kwa upole, "Kisa hicho nakipenda, mama, ila sasa naomba nimalize kazi," bila kutaja kama umekisikia au hujakisikia.

Mumeo asinyamaze. Huyo ni mama yake, na zamu ya kusikiliza ni yake kabla ya kuwa yako.

Kisa kinachorudiwa kila wiki kisikutie hofu. Akianza kukirudia mara mbili au tatu ndani ya saa moja, au akauliza swali ambalo amejibiwa dakika chache zilizopita, au akapotea katika njia aliyoizoea, hapo daktari ampime kumbukumbu.

Swali

Naona aibu hata kuandika. Bibi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, ananuka mkojo. Anajipulizia marashi mengi sana juu yake, na harufu mbili zikichanganyika hakuna anayeweza kukaa naye chumbani. Haogi kila siku kama zamani. Binamu zangu wameacha kuja. Nitamwambiaje?

*Mjukuu wa Kiume*

Jibu

Mjukuu wangu, anza kwa kuamini kwamba bibi hajui. Pua nayo huzeeka. Mwaka 1984 Richard Doty na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya vipimo vya kunusa vya watu wa umri mbalimbali: zaidi ya nusu ya wenye miaka 65 hadi 80 walikuwa na upungufu mkubwa wa kunusa, na kwa waliovuka miaka 80 walizidi robo tatu. Bibi hasikii harufu ya mkojo, na wala hasikii sawasawa yale marashi, ndiyo maana anazidisha. Au anashuku kuna harufu na anajaribu kuifunika, jambo linaloonyesha kwamba bado anajijali.

Kisha uliza kwa nini haogi, na usikimbilie kusema ni uvivu. Mtu aliyewahi kuteleza bafuni, hata kama hakuumia, huliogopa bafu. Viungo vinavyouma humzuia kuinama, kuinua ndoo au kuvua nguo zenye vifungo vidogo. Kiti imara cha kuogea, chuma cha kushikilia ukutani, mkeka usioteleza na maji ya uvuguvugu vimewarudisha bafuni wazee waliodhaniwa wameacha usafi kwa hiari yao. Kuoga mwili mzima mara mbili au tatu kwa wiki, pamoja na kujisafisha sehemu za siri kila siku, kunamtosha mzee asiyetoka jasho sana.

Kuhusu mkojo, msaada upo zaidi ya watu wanavyodhani. Kuvuja mkojo kunaweza kuletwa na maambukizi, kisukari, choo kigumu cha muda mrefu, dawa za kupunguza maji mwilini, au misuli ya nyonga iliyolegea, na hili la mwisho hupungua kwa mazoezi ya kuikaza misuli hiyo. Kwa wanaume tezi dume hufikiriwa pia. Kosa ambalo wazee wengi hulifanya kimyakimya ni kuacha kunywa maji ili wasilowe; mkojo hukolea, harufu huzidi, kibofu huwashwa na maambukizi hukaribia. Hakikisha anakunywa vya kutosha mchana na kupunguza saa chache kabla ya kulala. Pedi za watu wazima ziwekwe chumbani mwake bila hotuba.

Wewe usimwambie. Sisemi hivyo kwa kukudharau, bali kwa kuwa bibi aliyekuogesha utotoni ataumia zaidi kulisikia kwako kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Mtafute binti yake, mdogo wake wa kike au muuguzi, mwanamke mmoja anayemwamini, aseme waziwazi bila kuzunguka: "Mama, mkojo unakutoka kidogo bila wewe kujua, nami nimekuja tulitafutie dawa." Vijembe, dirisha linalofunguliwa kila akiingia na sabuni zinazoletwa kama zawadi humwacha ajue kwamba kuna jambo bila kujua ni lipi, na hiyo ndiyo aibu kubwa zaidi. Kazi yako wewe ni kuwarudisha binamu zako.

Swali

Ninafanya kazi ya kumtunza mzee wa miaka 80 nyumbani kwa familia yake. Amekuwa akinitamkia maneno machafu na mara mbili amenishika mwili. Nilipowaambia watoto wake walicheka, wakasema mzee hajui afanyalo.

*Msaidizi*

Jibu

Binti yangu, inawezekana kweli hajui afanyalo. Wao wanajua, na sasa wajibu ni wao. Ugonjwa unaweza kueleza kwa nini mkono ulinyooshwa. Hauwezi kuhalalisha wewe kuachwa peke yako chumbani na mkono huo.

Waambie tena, safari hii kwa maandishi, ukitaja tarehe na kilichotokea, na ubaki na nakala. Omba mambo matatu: huduma za kumwogesha na kumvalisha zifanywe na mwanaume au na mtu wa familia, usiachwe peke yako naye usiku, na mzee apelekwe kwa daktari. Hilo la daktari si la kutimiza desturi tu. Mbali na magonjwa ya ubongo niliyoyataja juu, baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, zinazoiga kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, zinaweza kumzindulia mgonjwa tamaa asizoweza kuzidhibiti, za kamari, za matumizi ya pesa au za mwili, na daktari akibadilisha dozi hali hutulia. Dawa hizo zisikatishwe ghafla nyumbani.

Akikushika, rudi nyuma hatua mbili, sema "Hapana, sitaki" kwa sauti ya kawaida na uso usiocheka, kisha utoke. Usibishane naye wala usimpige. Familia ikicheka mara ya pili, tafuta kazi kwingine na uripoti mahali panaposhughulikia haki za wafanyakazi au polisi. Kumhurumia mgonjwa ni jambo jema, lakini huruma hiyo hailipwi kwa mwili wako.

Swali

Nina miaka 71 na akili zangu bado ninazo. Nimeona yaliyowapata wenzangu: mmoja hupiga kelele kwenye simu hadi jirani anajua siri zake, mwingine hasiti kumkatiza kila anayezungumza. Nitajuaje kama na mimi nimeanza, ilhali hakuna anayethubutu kuniambia?

*Babu Mwenye Wasiwasi*

Jibu

Shikamoo, mzee wangu. Nimeifurahia barua yako kuliko zote, kwa sababu wengi huliuliza swali hili juu ya wengine tu.

Hao wenzako wawili yaelekea wana tatizo moja, nalo ni masikio. Usikivu wa uzeeni huanza kupotea kwenye sauti nyembamba za juu, zile zinazobeba herufi kama s, f na t, hivyo mtu husikia kwamba watu wanasema lakini haelewi wanachosema, hasa mahali penye kelele. Asiyesikia vizuri sauti yake hupaza, na asiyesikia mwisho wa sentensi ya mwenzake huikatiza. Hali hiyo huingia polepole mno hata mwenyewe huona kwamba ni watu siku hizi wanaonung'unika. Nenda ukapimwe masikio sasa, ukiwa bado unadhani unasikia. Wakati mwingine kinachoziba ni nta tu, na huondolewa kliniki kwa dakika chache. Ukiandikiwa kifaa cha kusaidia kusikia, kizoee ungali na wepesi wa kujifunza, kwa maana wanaosubiri sana hukichoka na kukiacha kabatini. Daktari wa meno naye umwone: meno ya bandia yaliyolegea hugonga na kurusha mate mtu anapozungumza, na mwenyewe huwa wa mwisho kugundua.

La kuambiwa ukweli ni lako kulianzisha, kwa kuwa mdogo hawezi kulianza bila kuonekana amekosa adabu. Mchague mtu mmoja asiyekuogopa, mwite, umpe ruhusa kwa maneno yanayoeleweka: nikirudia kisa, nikipaza sauti, nikiwa na doa kwenye nguo au nikiuliza la mtu mbele za watu, uniambie. Kubalianeni ishara ya mahali penye watu, kama kukugusa kiwiko, na mengine akueleze mkibaki wawili. Atakapokuambia mara ya kwanza utahisi hasira, hata kama ni wewe uliyeomba. Mshukuru hata hivyo, tena siku hiyohiyo, kwani ukimnunia mara moja hatakuambia tena.

Usije tu ukaamua kukaa kimya au kuacha kutoka ili usikosee. Nimewaona wazee wenye adabu kubwa wakijifungia kwa sababu hiyo, na mtu asiyezungumza na watu hupoteza upesi zaidi ule wepesi wa kujua lini aseme na lini anyamaze. Ukiwa kwenye mazungumzo na huna hakika kama zamu ni yako, uliza swali moja kuhusu lile ambalo mwenzako ametoka kulisema, kisha umwache amalize.